Ndege wa kaskazini wameshashuka Kunduchi. Ukitaka kuwaona, soma maji kwanza

#1 (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Kila nikigusia habari ya kutazama ndege hapa Dar, swali la kwanza ninaloulizwa ni "unaamka saa ngapi?" Mtu ameshasikia mahali kwamba ndege ni alfajiri. Basi anadamka, anafika pwani kunapambazuka, anakuta tope tupu mpaka macho yanapoishia na vinukta vinatembea huko mbali. Anarudi zake anasema Dar hakuna ndege, kuna kunguru.

Kwa msituni sawa. Ukienda Pugu au Pande, alfajiri ndiyo yenyewe, saa tatu ikishapita unabaki na nzi. Ila pwani jua halina usemi mkubwa. Mwenye ratiba ni maji.

Mambo yenyewe yako hivi. Ndege ninaowasema ni wale wa topeni: vitwitwi wa kila namna, sululu na jamaa zao. Chakula chao ni minyoo, vikaa na vikonokono vilivyojificha kwenye tope ambalo bahari inalifunika na kulifunua mara mbili kwa siku. Maji yakipwa, meza ni kubwa, kila mmoja anakula anapotaka na wewe unabaki kukodoa macho. Maji yakianza kujaa tope linapungua, wanarudi nyuma hatua kwa hatua, mwisho wamebanana wote ukingoni, mita chache mbele yako, na wana haraka ya kumalizia kula hata hawakujali. Yakijaa kabisa hawana pa kusimama. Wanaruka kwa makundi kuvuka mikoko na kwenda kupumzika kwenye mashamba ya chumvi. Kwa hiyo muda wa kuwepo pale ni tangu kama saa mbili kabla ya maji kujaa mpaka saa moja hivi baada yake. Nje ya hapo unajitesa.

Sasa hesabu. Kwa Dar, siku za bamvua (mwezi mpevu au mwezi unapoandama) maji hujaa juu kabisa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne. Yule aliyedamka siku ya bamvua amekutana na maji yanayokimbia kwenda zake. Lakini kila siku maji huchelewa kidogo, dakika 40, dakika 50. Ukihesabu siku nne au tano baada ya mwezi mpevu, yanajaa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Hapo umepata vyote viwili: maji yanasukuma ndege kwako na jua bado halijawa kali. Ukingoja zaidi unaingia maji mafu, yanajaa kwenye saa nne, lakini hayapandi vya kutosha kuwasogeza. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote wa Kunduchi, atakujibu bila hata kutazama angani.

Leo ilikuwa siku ya namna hiyo, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nimepanda daladala ya Tegeta, nimeshuka Mtongani, bodaboda mpaka Kunduchi Pwani. Pale bandarini kwa wavuvi sikukaa sana. Ngalawa zilikuwa zinarudi, yangeyange wanazunguka miguuni mwa watu wakigombea dagaa na kunguru, kelele za mnada, basi. Nikashika njia ya pembeni ya mikoko.

Mbayuwayu walikuwa wa kwanza. Wametanda kwenye nyaya za umeme, wengine wanapita chini chini juu ya majani. Hawa wenye koo jekundu na mkia wenye panda mbili wanazaliana Ulaya na Asia, wanaanza kuonekana huku Septemba, na Aprili ikishapita ni nadra kuwaona. Juu yao keremkerem wa kijani wenye mstari wa buluu shavuni, wale wanaotoka Asia ya Kati, wanadaka nyuki hewani na kurudi kwenye waya uleule kuwapigapiga kabla ya kumeza.

Nilipotokea upande wa tope maji yalikuwa yameshaanza kazi. Sululu ndio rahisi, hata mgeni atawajua: wakubwa, rangi ya udongo, mdomo mrefu umepinda kwenda chini kama mundu. Mmoja alikuwa anachomoa kaa shimoni, anamtikisa mpaka miguu inamdondoka, halafu anameza kiwiliwili. Miguu nayo akairudia mmojammoja.

Nyuma yake kundi la vitwitwi wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo. Hawa wamezaliwa kwenye nyika baridi za Siberia, kule kaskazini kabisa. Wakubwa hutangulia, wanatua kwetu Agosti na Septemba wakiwa bado na mabaki ya rangi nyekundu ya kuzaliana tumboni. Wa leo wengi walikuwa wasafi, kijivu kwa juu, na kifuani rangi hafifu ya pichi. Ni watoto wa mwaka huu. Hebu fikiria kitu kisichofika gramu mia kimetoka kwenye yai Julai, na wazazi wameondoka kabla yake, halafu kinaijua njia ya kuja Kunduchi. Mimi hapa Mbezi kwa shemeji nafika kwa kuelekezwa kwa simu.

Kulikuwa na yule mnene wa kijivu anayesimama peke yake kama askari wa lindo. Akiwa chini hana alama ya maana, subiri aruke: kwapa ni jeusi tii. Huwezi kumchanganya na mwingine. Na wale wenye miguu ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda kwenda JUU, wanakimbia ovyo ovyo kama wamesahau kitu nyumbani, hao nawapenda kupita kiasi.

Lakini aliyenifanya nikae topeni mpaka maji yakaingia kwenye buti ni Dromas. Jina lake kamili la kisayansi ni Dromas ardeola. Ndege mkubwa kiasi, mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene usiofanana na wa jamaa zake wowote, maana kazi yake ni kuvunja kaa. Wanazaliana kwenye visiwa vya mchanga huko Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba ya Uajemi. Na wanachimba mashimo! Ndege wa ufukweni wengine karibu wote wanataga juu ya ardhi, huyu anachimba pango refu mchangani anataga yai moja jeupe ndani. Kisha anakuja kwetu na mtoto. Leo nimemwona kinda mkubwa tayari, kimo sawa na mzazi, rangi ya kijivujivu, anamfuata mama (au baba, siwezi kutofautisha) huku anapiga mluzi wa kudai chakula. Kasafiri kutoka Arabuni kwa mabawa yake mwenyewe, na bado anataka alishwe.

Maji yalipofika kwenye mizizi ya mikoko waliruka. Nikazunguka kwenda upande wa mashamba ya chumvi. Niliomba ruhusa kwa mlinzi, fanyeni hivyo, ni eneo la kazi la watu. Nilikaa kwenye tuta na kuwahesabu wakiwa wamelala kwa mguu mmoja, midomo imefichwa mgongoni. Niliacha kuhesabu pale kozi, ndege mwindaji, alipopita. Hakukamata kitu, ila kundi zima lilikwenda juu kwa mara moja, likageuka jeupe, likageuka la kahawia, likageuka jeupe tena. Dakika tano baadaye wote wamerudi palepale kulala.

Saa nne nilikuwa kwa mama lishe nakunywa supu ya pweza. Maswali karibuni.

#2

Uzi bila picha ni batili. Sheria tunazijua.

#3

Mkuu, swali la msingi hujalijibu. Huyo sululu analiwa?

#4 (mleta uzi)

#2 sina kamera, nina darubini na daftari. Simu ukimpiga ndege aliye mita themanini unapata picha ya tope.

#3 nilijua utakuja. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, bila kibali hata sululu ni mali ya serikali. Halafu nyama yake haijai kiganja. Nunua kuku.

#5

Tusidanganyane, haya ni mambo ya wazungu wastaafu wenye kofia. Mbongo gani anaacha kitanda Jumapili akaangalie ndege wasio na faida? Hela iko wapi?

#6

#5 kaka, mimi nimekulia kwa wavuvi, upande wa Kigamboni. Babu yangu alikuwa hatweki tanga kabla hajawaona buabua, wale ndege wa baharini wanaokula samaki. Buabua wakikusanyika mahali na kuzama kwa kasi, chini kuna vibua au dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari anayewasukuma juu. Anageuza chombo anakwenda kulekule. Wakipita juu juu bila kuzama hashughuliki nao. Hakuwa na kofia wala hakuwa mzungu. Na hela ilikuwepo, ndiyo iliyonisomesha.

#7

#6 umemaliza.

#8

Naomba kuuliza mleta uzi. Mimi ni mwanamke, ninakaa Tegeta, nimekuwa nikitamani hili jambo muda mrefu. Usalama ukoje? Na darubini si zinaleta shida? Mdogo wangu alishawahi kuhojiwa sehemu fulani kwa sababu ya kamera tu.

#9 (mleta uzi)

Dada, swali zuri na nilipaswa kuliweka juu.

Usiende peke yako kwenye vichochoro vya mikoko. Si Kunduchi tu, popote. Nendeni wawili watatu. Simu ndani ya mfuko, darubini shingoni, na kabla ya kushika njia salimia watu pale kwa wavuvi uwaambie umefuata nini. Ukishajulikana kama "yule wa ndege" watoto wenyewe watakupeleka walipo.

Darubini kweli inatisha watu, lakini si kwa sababu unayoifikiria. Mji huu umeshuhudia bomoabomoa nyingi, ukisimama sehemu umeinua kitu machoni mtu anajua umekuja kupima viwanja. Mama mmoja leo ameniuliza moja kwa moja, "Baba, alama ya X mnaanza kuweka lini?" Nikampa darubini atazame mwenyewe. Alimwona yangeyange, akacheka, akamwita jirani. Baada ya hapo nilingoja zamu yangu kurudishiwa.

Kitu kimoja usifanye mzaha nacho: usielekeze darubini kwenye kambi za jeshi, bandari, wala magari ya polisi. Hata kama tai amekaa juu ya bendera. Mwache.

#10

Darubini ya bei ya kawaida ni ipi? Kuna jamaa Kariakoo ananiambia ana ya "kukuza mara mia".

#11 (mleta uzi)

Ya mara mia usinunue, mkono ukitetemeka kidogo ndege amehamia Bagamoyo. Tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ikiwa kubwa inaingiza mwanga zaidi lakini uzito nao unapanda. Ipime dukani kwa kusoma maandishi ya bango la mbali, si kwa kutazama ukuta wa mbele. Ukiona picha mbili badala ya moja, irudishe hapohapo.

Kwa kutambua ndege kuna programu ya bure inaitwa Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Pakua kifurushi chenye ndege wa Tanzania ukiwa na intaneti nzuri kabla hujatoka. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100, bila kuchuja mahali na mwezi utapotea.

#12

Mimi nina hoja na kunguru. Hapa Sinza zamani bustanini kulikuwa na chozi, chiriku, tetere. Siku hizi ni kunguru tu wa shingo ya kijivu, wanachungulia hadi dirishani. Mleta uzi umewapita kama hujawaona.

#13 (mleta uzi)

Nimewaona, nimechoka nao tu.

Huyo wa shingo ya kijivu si wetu. Ni kunguru wa India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa nia ya kusafisha takataka, akavuka bara, na jiji likampa takataka kila alipogeuka. Anaiba mayai na makinda ya ndege wadogo, na hata yule kunguru wa asili mwenye kifua na shingo nyeupe amemsukuma nje, mjini kumwona ni bahati. Zimejaribiwa sumu, imejaribiwa mitego, idadi inashuka kisha inarudi. Kwa maoni yangu, ambayo hayatapendwa, ndoo ya taka isiyofunikwa inamzalisha haraka kuliko sumu inavyomuua. Chozi watarudi mkifunika mapipa na kupanda maua yenye nekta. Sinza kuna nyumba zenye uzio wa mihibiski, simama hapo saa mbili asubuhi utanipa jibu.

#14

Sisi wa mjini kati tusio na nauli ya Kunduchi tufanyeje?

#15

#14 panda Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022. Tembea njia ya waenda kwa miguu maji yakiwa yanajaa, tazama upande wa mdomo wa Mto Msimbazi. Harufu haitakufurahisha, maji yale yamebeba mambo ya mji mzima, lakini tope lake lina minyoo na ndege wanajua. Nimewahi kuona pale yangeyange, korongo na vitwitwi kibao huku magari yanapita nyuma yangu. Uzuri wa pale uko juu, hukanyagi tope.

#16 (mleta uzi)

Shukrani #15, ni kweli kabisa. Na hesabu ya maji ni ileile.

Mlioniuliza faragha kuhusu kwenda pamoja: Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, lakini Jumamosi haijui maji. Nitatazama jedwali, nitaleta tarehe hapa. Leteni kofia, maji ya kunywa, viatu msivyovipenda. Nguo nyeupe acheni nyumbani. Wanaotaka kazi ya maana zaidi, Januari kila mwaka kuna sensa ya ndege wa majini barani Afrika na wahesabuji hawatoshi kamwe. Kufikia hapo mtakuwa mmeshajua kutofautisha kwapa jeusi na lisilo jeusi.

Na mvua za vuli zikianza msikate tamaa. Dudumizi ameshaanza kulia vichakani huku kwetu, wazee wanajua maana yake.

#17

Mleta uzi, nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mzee wangu ni mvuvi, Ununio. Kuna wakati alikuta ndege mdogo wa miguu mirefu amenasa kwenye nyavu, amekufa. Mguuni alikuwa na kibangili cha chuma chenye maandishi. Mzee alikitoa. Watu walimwambia ni cha kijasusi, akitupe baharini.

#18 (mleta uzi)

#17 mkuu, ALIKITUPA???

Hiyo ni pete ya utafiti. Mtu huko kaskazini alimkamata huyo ndege, akampima, akamvalisha, akamwachia. Kila pete ina namba ambayo ndege mwingine hana, na jina la kituo. Za Urusi huandikwa MOSKWA. Ukipeleka namba, tarehe na mahali alipopatikana, wanakujibu alivalishwa wapi na lini. Kwa Ulaya wanaounganisha taarifa ni EURING, kwa kusini mwa Afrika ni SAFRING, ukipeleka kokote wanaelekezana. Wala hawamuulizi mzee kwa nini ndege alinasa, wanachotaka ni namba.

#19

Ngoja nimpigie.

#20

Naweka kiti hapa. #17 usituache.

#21

Nimempigia. Hakutupa, anasema alikitia kwenye kopo la ndoana. Yuko baharini mpaka kesho asubuhi, mama anatafuta kopo. Maandishi yana kutu kidogo.

#22 (mleta uzi)

Mwambie mama asisugue kwa msasa wala mchanga! Afute taratibu kwa kitambaa, apige picha pande zote mpaka herufi na namba zote zionekane. Hata namba moja ikikosekana mwambie asikisie, aache wazi. Na mzee akirudi muulize mwezi gani na ilikuwa nyavu ya upande upi wa Ununio, nitakusaidia kujaza fomu.